Siku ya Treni Kwenda Hakone

Mimi ni mkunga wa Goma. Mwaka ule nilitumwa Tokyo kwa mafunzo ya majuma sita, na watoto wangu wawili nikawaachia mdogo wangu. Mama aliyenipa chumba, mjane aliyewahi kufundisha Kifaransa, aliona ninashinda nikitazama simu. Akaniambia, "Kesho twende Hakone kwa treni. Utaona majani yalivyogeuka mekundu. Jioni tutakuwa tumerudi."

Sikuwahi kupanda treni. Nilikaa dirishani, mkoba mapajani, nimeushika kama mtu anayeshuka sasa hivi. Nyumba zikaisha, vikaja vilima. Tukabadilisha, tukaingia treni ndogo ya kupanda mlima. Ilikwenda polepole kati ya miti myekundu, matawi karibu yaguse vioo, na abiria wakapiga picha. Kisha ikasimama, ikaanza kurudi nyuma.

Nilimshika mama yule mkono. Kwetu gari likirudi nyuma, mbele kuna risasi.

"Mlima ni mkali," akasema. "Inapanda kwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Itafanya hivyo mara tatu."

Nilielewa, lakini mkono wake sikuuachia.

Kabla ya mara ya tatu simu ikatetemeka. Nyumbani kulikuwa kunapambazuka. Mdogo wangu, anayeniita yaya, yaani dada, aliandika: "Yaya, batu ba Kanyaruchinya banashuka na magodoro ku kichwa. Masasi inalia karibu. Tuko mu nyumba, batoto beko na miye."

Kanyaruchinya ni kambi ya waliokimbia vita, nje kidogo ya mji; watu wake wakishuka, risasi zimetufikia. Nikapiga. Sauti ya mwanamke ikanijibu kwa Kifaransa kwamba namba ile haipatikani. Nikapiga tena, ikawa ileile.

"Turudi?" mama yule akauliza nilipomweleza.

"Turudi wapi, Mama? Hata Tokyo, Goma ni mbali vilevile."

Basi tukaendelea. Reli ilipoishia tulipanda kibanda kinachoning'inia kwenye kamba, tukashukia kwenye bonde lisilo na jani, ardhi ya manjano, moshi mweupe ukitoka kwenye nyufa. Watu walikuwa wakinunua mayai yaliyochemshwa humo hadi maganda yakawa meusi. Harufu ya kiberiti iliponifikia, miguu yangu ilikimbia kabla sijaiamuru.

Niliijua harufu ile. Nilikuwa na mimba ya mtoto wa kwanza mlima wetu wa volkano ulipopasuka. Moto ulishuka kama uji mzito, ukameza nyumba ya jirani, nasi tukamvuta mama yangu mzazi, naye akakataa kuondoka mpaka afunge mlango kwa kufuli. Tulipokuwa njiani kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, nyumba yake haikuwepo tena. Ufunguo alibaki nao.

Mama wa Kijapani alinikuta nimekaa chini ukutani mwa stesheni. Akaketi sakafuni karibu nami, na nguo zake nzuri.

"Nilikuwa na miaka sita Tokyo ilipoungua wakati wa vita," akasema. "Mama alinibeba mgongoni. Hadi leo nikisikia king'ora natafuta viatu vyangu. Sijazoea. Nilidhani nakuletea burudani, nisamehe."

Nikamsaidia kuinuka. Tukarudi stesheni baada ya stesheni, mimi nikipiga simu ileile. Taa za Tokyo zilikuwa zimeanza kuwaka mdogo wangu alipopokea. Alinong'ona.

"Yaya, usilie. Waasi bameingia mu mji. Siye tumelala chini mu koridori."

"Na batoto?"

"Banakula biskuti."

Nikamwomba anipe mkubwa. Nilisikia pumzi yake kwanza, kisha: "Mama, utarudia siku gani?"

Nikamwambia karibuni. Sikujua kama ni kweli.

Waasi walikaa siku chache, wakatoka. Mafunzo yalipokwisha nilishukia Kigali, nikavuka mpaka kwa miguu. Watoto walikuwa wazima, wamekonda. Juu ya kitanda changu palikuwa na tundu la risasi, mdogo wangu ameliziba kwa sabuni. Vitanda vilikuwepo vyote, lakini juma zima tulilala wote wanne kwenye koridori, viatu vyetu vimepangwa mlangoni.