Kikao cha Kijita

Mimi nasuka nywele mtaa wa Kitaji. Shule niliishia kidato cha pili, na mambo mazuri huwa nayaamini haraka sana. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kusema watapatikana.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu ambao ndugu zao walichukuliwa na magari yasiyo na namba. Kilianzia pale barazani ninaposukia, na hakikuwa na mlango. Mwanamke akipita na uso wa msiba, tunamwita, "Mama, njoo ukae, tuambie." Ndivyo tulivyompata mama mmoja Msukuma kutoka Kabasa, kule Bunda. Kijana wake alisimama kwenye mkutano wa kijiji akauliza nani ameweka mawe ya mipaka kwenye mashamba yao ya pamba. Wiki hiyohiyo wakamchukua.

Nilimsuka siku hiyo. Akaniambia, "Mwanangu, unasuka au unang'oa muhogo?" Baraza zima likacheka. Ni yeye aliyetufundisha kwenda vituoni kwa pamoja, maana mtu mmoja hawamjibugi.

Kisha wenzetu wawili wakachukuliwa. Walirudi na vidole vimevimba, wakasema huko walisomewa kila tulichoongea barazani.

"Hata ule utani wa muhogo," alisema mmoja wao. Tukacheka kidogo, halafu tukaanza kuangaliana.

Mwenyekiti wetu, kaka mmoja fundi baiskeli, akasema tuhamie kwake Suguti. Namba za simu tubadilishe. Na kikaoni tuongee Kijita tupu, lugha ya wengi wetu, maana aliyetuuza lazima ni mtu wa kuja. Mtu wa kuja, katika mkoa huu wa Mara, ambako ukivuka mto tu watu wanasalimiana kwa lugha nyingine! Lakini tulikuwa na hofu, tukakubali.

Mzee mmoja Mzanaki wa Butiama, ambaye naye alipoteza mjukuu, alikuja mara moja, akaelewa nusu, akaacha. Mama wa Kabasa alikaa ubavuni kwangu, nami nikawa namnong'oneza kwa Kiswahili.

"Dada, unatafsiri nini?" mwenyekiti akanikatiza. "Tumefunga mlango, wewe unafungua dirisha."

"Sasa atajuaje tunavyomtafuta mwanawe?"

"Atajua tukishampata."

Hayo yote yalikuwa kwa Kijita. Mama akaniuliza, "Amesemaje?"

Ningemwambia nini? Nikasema, "Anasema tukuombee."

"Maneno yote yale ni maombi? Basi kanisa limekosa mchungaji." Akatabasamu. Hakurudi tena Suguti.

Siku moja akafuatwa nyumbani na kijana aliyekuwa ametoka mahabusu. Akamwambia mwanawe yuko hai, akamtajia na kituo, ila akasema wanahamishwa wakati wowote. Mama alitupigia, namba hazipatikani. Akaja Kitaji. Mimi nilikuwa Suguti, kikaoni. Akamuuliza fundi cherehani wa jirani, ambaye tulishamwonya asimtajie mtu kikundi.

"Kikundi gani, mama? Sikijui."

"Wewe baba, si ndiye uliyenipa kiti hapahapa?"

"Sikufahamu, mama."

Alikaa kwenye kibao cha wateja wangu hadi gari la mwisho la Bunda. Fundi alinisimulia kesho yake asubuhi bila kuniangalia usoni. "Nilifanya mlivyoniambia," alisema.

Nikampigia mama, akanitajia kituo. Tulikwenda huko mchana huo, sote, kama alivyotufundisha. Mama alikuja na hotipoti ya ugali na sato, amefunga kwa kanga. Askari wa kaunta alikuwa mpole kabisa, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu.

"Walihamishwa jana usiku."

"Wapi?"

"Hatukuambiwa, mama."

"Basi nikuachie chakula, utampelekea."

"Nitampelekea wapi?"

Nje mwenyekiti akaanza kumwomba radhi kwa Kiswahili, kwa sauti, kila mpita njia anasikia. Mama akamgusa bega.

"Ongea Kijita tu, baba. Nimeshazoea."

Kisha akafungua hotipoti, akatukatia ugali mmoja mmoja. Tulikataa, akatulazimisha. Aliyetuuza hatujamjua mpaka leo. Huenda naye alikuwepo pale, akanawa mikono na sisi, akapewa kipande chake. Samaki alikuwa mtamu. Nilipewa mkia, na mama akaniambia nitafune polepole, una miiba.