Mwaka Tuliomtafuta Kaka kwenye Televisheni ya Kitaliana

Siku ya kwanza mama alipomwona mwanajeshi kwenye televisheni ya Kitaliana, aliinuka, akajifunga mtandio, akaniuliza paspoti zetu nimeziweka wapi.

"Za nini, mama?"

"We huoni? Washapindua hao!"

Na kweli, kwenye kioo alisimama ofisa wa jeshi la anga, sare imepigwa pasi, mabega yanang'ara, nyuma yake ramani ya nchi nzima, naye anaionyesha kwa mkono huku na huku. Mtu aliyeyapitia ya Unguja akiona sare na ramani muda mchache kabla ya taarifa ya habari, hangoji kufasiriwa. Na mimi, niliyekwisha kumdanganya mama kwamba Kitaliana nakijua kwa kuwa niliwahi kuosha sahani wiki tatu kwenye mkahawa wa Mtaliana, nilikaa nikasikiliza kwa makini kama balozi. Ilipotokea picha ya jua, ikafuata ya wingu, ndipo sote wawili tulipofahamu. Bwana yule alikuwa anatangaza hali ya hewa. Kwao hata mvua inatangazwa na jeshi.

"Basi kaa, mama."

"Nikae vipi? Na moyo huu nani ataurudisha mahali pake?"

Alikaa, lakini. Na tangu siku ile, kila jioni afande yule akitokea, mama humwambia, "Haya, mwanangu, leo tuletee ya heri."

Dishi lenyewe alitufungia jirani yetu, Muhindi mzaliwa wa Unguja, mwenye kibanda cha kutengeneza redio na televisheni hapa Hounslow. Jirani huyo alimwita mama "dada," na mimi aliniita "kochi," kwa sababu hakuwahi kunikuta nimesimama. Nilitoka alfajiri kwenda kiwandani kupanga trei za chakula cha ndege, saa tisa nikarudi, na nikisharudi hapana jambo katika Landani yote lililoweza kunitoa. Watu husafiri mabara kuja kuuona mji huu. Mimi nilikuwa nimeuona kituo cha basi, ukanitosha.

Mama alikuwa ameomba stesheni za Kiarabu, aone sala za Makka. Jirani akapanda ngazi, akaligeuza dishi huku na kule, ndege zinampita juu ya kichwa kama zinataka kumnyoa, na alichokinasa ni Wataliana watupu. Akataka kupanda tena.

"Waache," mama akamwambia.

"Dada, hawa si Waarabu hawa."

"Nawaona. Waache hawa hawa."

Jirani alinitazama. Mimi nilitazama zulia. Nilishajua mama anachofikiri.

Kaka yangu aliondoka nyumbani miaka minne baada ya mapinduzi, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa meli ya mizigo, kazi yake kumenya viazi jikoni. Mimi nilikuwa na kumi na tatu, na nilifurahi kuachiwa kitanda. Barua yake ilikuja moja tu, kutoka bandari ya Jenova, Italia. Aliandika kwamba baridi ni kali, kwamba chakula chao ni unga kwa unga, na mwishoni kwamba Jumapili moja alisimama uwanjani nyuma ya mtu mwenye maikrofoni, na wenzake wakamwambia ametokea kwenye televisheni. "Nilipunga mkono, mama," aliandika. "Labda siku moja na nyinyi mtaniona."

Baadaye nyumba ile tukahama, tukenda Dar es Salaam, kisha mimi Landani na mama nyuma yangu. Anwani pekee aliyokuwa nayo kaka ilibaki na watu wengine ndani yake. Hata kama aliandika barua mia, zilisomwa na wasiotujua. Kwa hiyo mama hakuwahi kumlaumu. Alisema tu, mtoto kasema atatokea kwenye televisheni, na sasa televisheni imekuja yenyewe, bila kuitwa.

Mwezi ule ule mjomba alikuja kutoka Croydon, amevaa kofia yake ya mambo mazito. Alikunywa chai, akamaliza mandazi manne, ndipo akasema.

"Dada yangu, miaka ishirini na sita hii. Tumsomee hitima mtoto, naye apate dua yake."

"Humsomei hitima mtu anayekula," mama alimjibu.

"Nani kamwona akila?"

"Na nani kamwona akifa?"

Mjomba akanigeukia mimi nimsaidie. Nikamwongeza chai. Mimi katika ugomvi wa nyumbani siku zote kazi yangu ni birika.

"Nipe mwaka," mama akasema mwisho. "Mwaka mmoja niwatazame hawa. Nisipomwona, msome."

Basi ukaanza mwaka ule. Kuna watu wameandika vitabu kuhusu televisheni ya Kitaliana, nani kaanzisha na nani kaharibu. Mimi naijua mwaka mmoja tu, na naijua kutoka kwenye safu za nyuma. Watangazaji wa mbele hatukuwatazama. Tulitazama wanaopiga makofi.

Picha ya kaka ndogo, ya kitambulisho, mama aliisimamisha juu ya televisheni, kwenye gilasi tupu. Macho yake yalipanda kwenye picha, yakashuka kwenye kioo, yakapanda tena, kama mtu anayechagua kitambaa cha kulinganisha na kingine. Tatizo lilikuwa wachezaji. Wataliana hawawezi kukaa robo saa bila kuleta wasichana wa kurusha miguu, na wasichana wenyewe nguo hawakuzipenda. Siku ya kwanza mama aliifunika televisheni nzima kwa kanga. Akakumbuka kwamba na watazamaji nao wamefunikwa. Akainyanyua kanga, akaikunja, akaipachika iteremke nusu ya chini tu. Ikawa wasichana tunawaona kuanzia shingoni, wanachekelea, na nyuma yao safu za watu, salama.

Tulipitia nao kila kitu. Februari ilikuwa wiki nzima ya mashindano ya nyimbo, maua jukwaani kama kaburi la tajiri, na mama akalalamika kwamba watazamaji wamekaa gizani, mtu atamwonaje mwanawe. Jumapili mchana kulikuwa na kipindi kisichokwisha, michezo, nyimbo, watu kupigiwa simu, mpaka kiza kinaingia. Kiangazi wakaonyesha vya zamani, vingine vyeusi na vyeupe, mama akapata cha kuwacheka. Sisi Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi kabla ya Wataliana, na hilo hakuna atakayetunyang'anya.

"Tukiiangalia ya mtaani," alisema, "rangi tele. Na wao hawa wamo kwenye majivu!"

Mimi nilifasiri. Mtu akilia, nilisema kafiwa. Wakigombana, nilisema shamba. Mara moja mama aliniuliza mbona Wataliana wote wanagombania mashamba, nikamwambia nchi ni ndogo.

Mara kadhaa alinyoosha kidole. "Yule! Yule wa nyuma, mwenye shati la buluu!" Nami naruka, mimi kochi, napiga magoti mbele ya kioo. Kijana mweusi, mwembamba, shingo ndefu kama ya kaka. Kisha kamera inamkaribia, na si yeye. Huwa Msenegali, au Mbrazili, au mtoto wa mtu mwingine. Mama alirudi nyuma kwenye kiti taratibu. "Mama yake naye anamtafuta huyu," alisema.

Mwezi wa Novemba jirani alikuja kutengeneza waya uliolegea. Alipokuwa anapapasa nyuma ya televisheni, akaichukua ile gilasi asiivunje, akaitazama picha.

"Mashaallah, dada," akasema. "Mjukuu wako huyu? Anasoma wapi?"

Hakukusudia kitu. Alikuwa anatuchangamsha. Lakini mama hakujibu, na mimi, ambaye kinywa changu hakijawahi kukosa upuuzi wa kusema, sikuupata. Jirani akairudisha gilasi polepole, akakaza waya wake, akaaga.

Mama aliiacha chai yake ipoe.

"Kaka yako," akasema, "sasa ana miaka mingapi?"

Nikamwambia arubaini na tano.

"Wa arubaini na tano yukoje?"

Niko hapa mbele yako, nilitaka kusema, nina thelathini na tisa na sina nywele. Nikajipapasa kichwa tu.

"Mwaka mzima," mama akasema. "Mwaka mzima nawatazama vijana. Hao watu wazima sikuwaangalia hata mmoja. Wenye mvi, wenye vitambi. Wanapita hivi, nawaona wananizibia."

"Na mimi, mama. Na mimi niliwatazama vijana."

"We mjinga wa siku zote. Mie mamake!"

Hilo ndilo lililomvunja. Kutomwona alikwisha kukuzoea. Lakini sasa alijua kwamba huenda alipita, Jumapili moja ya Machi au ya Mei, mzee mnene katika safu ya nne, akapiga makofi, na mamake akakasirika kwamba anamzibia kijana wa nyuma yake.

Nilimwambia bado mwezi mmoja, tuanze upya, tutazame wazee. Akajaribu siku mbili. Siku ya tatu akasema hawezi. Sura ya kulinganisha hana. Kila mwenye mvi angeweza kuwa yeye, na kila mwenye mvi hakuwa yeye.

Mama mwenyewe alimpigia simu mjomba. Jumamosi ile watu wakaja, tukasukuma kochi ukutani, tukatandika mikeka. Mama alikuwa ameifunika televisheni kwa ile kanga, safari hii yote. Kabla hawajaanza, mjomba akauliza kwa sauti ya chini waseme hitima ya nani, kwa kuwa mauti yenyewe hayajathibiti.

"Msomeeni wa miaka kumi na tisa," mama akasema. "Yule aliyepanda meli. Huyo nina hakika hayupo tena. Huyo mzee, kama yupo, mie simjui. Yeye mwachieni Mola wake."

Mjomba alivua kofia, akaivaa tena. Wakasoma.

Tangu siku ile mama hakutazama tena. Picha aliitia ndani ya msahafu wake. Kanga ilibaki juu ya televisheni, na mimi, akiwa jikoni, nilikuwa naiinua upande mmoja, naondoa sauti, natazama wanaume wenye mvi. Siwezi kueleza natafuta nini. Nilikuwa na kumi na tatu alipoondoka, nakumbuka zaidi kile kitanda.

Jioni moja ya Januari akatokea afande na ramani yake. Mama yupo jikoni anasonga ugali, nausikia mwiko.

"Unatazama nini?" akaniuliza bila kutoka.

Nilidhani sijaonekana. "Hali ya hewa, mama."

"Wapi?"

"Huko kwao."

Mwiko ukasimama. Nikatazama ile ramani, vile viwingu vyao vilivyochorwa, na bandari niliyokuwa naijua ilipo kuliko kituo chochote cha treni cha Landani.

"Jenova mvua," nikamwambia. "Na baridi kali." Hilo, kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimelifasiri sawasawa.

"Atakuwa na koti," akasema, na mwiko ukaendelea.