Mama Aliyeujua Mteremko

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila treni inapopita uwanja wa gofu hapa Sydney. Utanijibu kwa Kiingereza, najua. Nijibu upendavyo, mradi usikilize.

Nilikuwa kijana kule Kenya, miongoni mwa Waafrika wa kwanza kucheza gofu kwa malipo. Mama yangu alikuwa kibarua katika klabu ileile. Alishinda amepiga magoti, aking'oa magugu kwa mkono kwenye majani mafupi yanayozunguka mashimo. Kazi hiyo ndiyo iliyonilea. Lakini nilipopata viatu vyeupe na jina gazetini, nikaanza kupita mbali naye. Mwacha asili ni mtumwa, na mimi nilikuwa mtumwa wa viatu.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya mashindano makubwa, nilikuwa nafanya mazoezi na wageni wawili. Mama akainuka, akafuta mikono kwenye leso, akanijia.

"Baba," aliniita hivyo kwa kuwa nina jina la baba yake, "shimo la mwisho lisikudanganye. Jicho linaona mteremko kulia, lakini mvua ikinyesha, maji hukimbilia kushoto, na mpira hufuata njia ya maji."

Mgeni mmoja akauliza, "Unamfahamu huyu?"

"Kibarua tu," nikasema, kisha nikamgeukia mama. "Rudi kazini."

Alinitazama kidogo, akarudi kupiga magoti.

Nisikuchoshe. Nilifika kwenye majani mafupi ya shimo la mwisho nikihitaji kuutia mpira kwa mapigo mawili tu nishinde. Nikaliamini jicho. Mpira ukakata kushoto, ukateremka mbali. Ukaja kuingia kwa pigo la nne. Makofi yakawa ya mwingine.

Jioni nilimkuta mama nyumbani akichambua mboga. Nikamwambia, "Mama, ulisema kweli kuhusu lile shimo."

Hakuinua uso. "Shimo utalicheza tena mwakani. Lakini leo nimekujia mbele za watu, ukanitafutia jina lingine. Hilo ndilo linaloniuma."

Niliketi chini nikachambua mboga naye, machozi yakinitoka. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyo wangu alifika siku ileile. Kesho yake nilimshika mkono, nikampeleka kwa kepteni wa klabu na wanachama wake, nikasema, "Huyu ni mama yangu." Alinisamehe. Ushindi nao ulikuja miaka ya baadaye, ukapita. Lile neno "kibarua tu" halijapita. Ninalo hata leo katika uzee wangu.

Basi mama yako akikusubiri stesheni ya Mount Druitt akiwa na sare yake ya kazi ya kutunza wazee, akakuita kwa Kiswahili mbele ya wenzako, usijifiche kwenye simu. Itika. Waambie kuwa ni mama yako. Na akikushauri, msikilize kabla hujapima kazi anayoifanya.

Mungu akufikishe mbali kuliko sisi, akupe na ulimi usiomkana aliyekubeba. Mama yako azeeke akikuita, nawe ukiitika.