Neno la Shem

Sisi tuliokua kabla ya simu kujua kila kitu tulicheza na maneno, vile watoto wa leo wanavyocheza na skrini. Pale kwetu nyuma ya Dagoretti Corner vitu vya kuchezea vilikuwa haba, lakini maneno yalikuwa bure. Jioni, Mama akichochea jiko la makaa na harufu ya githeri ikianza kututesa, kaka yangu Shem alituita mlangoni. Alitaja herufi mbili za Kiingereza, tuseme G na H, na kila mmoja alipaswa kutoa neno la herufi tano lenye hizo mbili zikifuatana. "Night." "Light." "Laugh." Ukirudia la mwenzako, umetoka. Mimi nilitoka mapema kila mara, nikabaki nikihesabu herufi kwa vidole na kulalamika kwamba nimeonewa.

Mchezo huo tuliutoa kwa Mwalimu Wambui, aliyetufundisha Kiingereza. Ijumaa, baada ya uji, aliandika herufi mbili ubaoni na darasa zima likasimama. Shem ndiye aliyekuwa wa mwisho kuketi. Nyumbani hatukuwa na kamusi. Maneno yake aliyaokota kwenye magazeti ya kufungia nyama, ubavuni mwa malori, kwenye mabango ya Ngong Road. Kiswahili nacho kilikuwa kosa. Ukisikika ukikizungumza nje ya kipindi chake ulivishwa kibao shingoni, ukashinda nacho ukichekwa.

Baba yetu alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa na kibanda cha maziwa na mkate karibu na steji ya matatu, na juu yake ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu: MILK KIOSK. Shem alipofika darasa la nane, Mwalimu Wambui alimwingiza katika shindano la maneno la shule za Nairobi, akapita raundi zote hadi fainali. Zawadi ilikuwa karo ya sekondari, miaka yote minne. Mama aliposikia habari hiyo aliketi chini kwanza. Tangu Baba atuache, sekondari lilikuwa jambo ambalo hatukulitaja mbele yake.

Jumamosi hiyo alifunga kibanda, jambo ambalo hata ugonjwa haukuwahi kumlazimisha kufanya. Alimpaka Shem mafuta mpaka uso ukang'aa, tukashuka mjini, katika ukumbi wenye viti vya kitambaa laini ambavyo niliogopa kuvikalia. Mwishowe jukwaani walibaki wawili, Shem na msichana mmoja mpole wa shule ya kitajiri ya upande wa Karen. Herufi zilikuwa S na K. Msichana akasema "skirt." Shem akasema "brisk." "Flask." "Whisk." "Skill." Kisha Shem akatazama tulipoketi, akasema, "Kiosk."

Mwamuzi, bwana wa makamo aliyevaa tai, aliinamia maikrofoni. "Kijana," akasema taratibu, "hicho ni Kiswahili. Hapa tunataka Kiingereza."

Ukumbi ulicheka. Sidhani walikuwa na nia mbaya. Walikuwa watu waliochoka kukaa. Mwalimu Wambui alisimama na kuinua mkono, akaombwa aketi. Shem alishuka jukwaani akitazama viatu vyake, na yule msichana akakabidhiwa kikombe.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani aliuliza mara moja tu. "Mama, si ni neno?"

"Ni neno, mwanangu," Mama akasema. "Lakini maikrofoni ilikuwa kwao."

Wiki iliyofuata Mwalimu Wambui alikuja kibandani na kamusi nene ya shule, kidole kikiwa kwenye ukurasa. Neno lilikuwepo, herufi zote tano. Alikuwa amekwishalipeleka mjini kwa waandalizi, wakampa pole na kumwambia karo imeshapata mwenyewe. Mama alimshukuru, akampimia maziwa, akakataa kulipwa. Mwalimu alipoondoka, Mama alipanda juu ya kreti akaung'oa ule ubao kwa mikono yake. 

Shem alipita mtihani vizuri, akaitwa shule ambayo wenzake waliiota. Hakwenda. Aliingia kwa fundi seremala kwenye Ngong Road, pale makochi na vitanda vinapopangwa kando ya barabara, na vitanda hivyo ndivyo vilivyonisomesha mimi. Mchezo wetu wa jioni ukafa. Wateja wa Karen walimjia na Kiingereza chao, naye akawajibu kwa Kiswahili, kwa adabu, mpaka wao wenyewe wakabadilisha. Miaka yote hiyo sikumsikia tena akitamka neno la Kiingereza.

Mwaka juzi vumbi la mbao na vanishi vilimharibu kifua. Hospitalini, daktari kijana alisimama kando ya kitanda akanieleza mimi kwa Kiingereza, juu ya kichwa cha kaka yangu, kwamba mapafu yamekwisha na hakuna la kufanya. Nikawa natafuta namna ya kumtafsiria kwa upole. Shem akanishika mkono.

"Usijisumbue, Ruth," akasema. "Nimesikia yote."

Tulimzika mwezi huohuo.

Siku hizi watoto wangu wana mchezo unaofanana na ule, kwenye simu. Neno la herufi tano, visanduku vinabadilika rangi, na wakikwama simu inawapa jibu kabla hawajakuna kichwa. Huwa nawatania kwamba vidole vyao ndivyo vinavyosoma, vichwa viko likizo. Wananicheka, nami nawacheka.

Juzi nilimwambia binti yangu kwamba neno alilotaja halipo. Hakupandisha sauti. Alibonyeza simu, akanigeuzia. "Mum, si hili hapa." Enzi zetu mtoto hakumdai mkubwa ushahidi, mkubwa akisema halipo, halipo, hata kama umelisoma kila siku ya maisha yako. Karipio lilinifika mdomoni. Nilimtazama mtoto, amenyoosha mkono na simu yake, bila hofu yoyote, nikalimeza. Nikamwambia yuko sawa, aendelee. Kisha nikaenda jikoni, nikasimama tu.