Nuru ya Jicho Moja

Majina ya waliokuwa kwangu Jumanne ile ninayo yote kichwani, ila hapa sitamtaja mtu. Tulikuwa akina mama sita wa maombi ya mtaa, hapa Njiru, tumefumba macho. Nikaona mwanga kando ya jicho la kushoto, kama mtu anawasha kiberiti na kukizima. Nikasema, "Nimeona nuru."

Kiongozi wetu, ambaye kama wengi hapa huniita Shosho, yaani bibi, akapiga makofi. "Shosho ameonyeshwa. Tufunge siku tatu."

Nikafunga. Shule sikwenda sana, na nani atamwambia Mungu apeleke taa yake kwingine? Siku ya pili mwanga ukanijia macho yakiwa wazi, nikichambua mboga. Vikaja pia vidoa vyeusi, vinaelea kama masizi. Nikawa navipunga kwa mkono.

Mke wa mwanangu akaniona. "Mama, unampungia nani?"

"Nzi."

"Hapa hakuna nzi. Hebu funika jicho moja."

Nikafunika la kulia, vidoa vikabaki. Nikafunika la kushoto, vikaisha.

"Kwa hiyo nuru ya Mungu inaingilia jicho moja tu? Twende kliniki."

Nilikasirika. Nikamwambia tungoje kesho, nimalize mfungo.

"Mungu atakungoja," akasema. "Hilo jicho sijui." Akanivalisha sweta kama mtoto.

Kliniki ya macho walinitia dawa ya matone, kila kitu kikawa ukungu. Daktari akaniuliza, "Shosho, kuna kivuli pembeni? Kama pazia linashuka?"

"Hakuna."

"Basi tumewahi."

Akanieleza kwamba nyuma ya jicho kuna utando wa kuonea. Wangu umekuwa mwembamba, na mahali pamoja umechanika. Maji yakipenya hapo, utabanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu, na jicho litazima. Akauchoma kwa leza kuzunguka ule mpasuko, ushikamane. Nilishika kiti kwa mikono miwili, nikaogopa hata kumeza mate.

Nikidhani tumemaliza, akasema, "La kulia nalo ni dhaifu. Halijachanika bado. Kila asubuhi funika jicho moja, kisha lingine, utazame vyuma vya dirisha. Ukiona cheche, vidoa vipya au kivuli, njoo siku hiyo hiyo. Usingoje mtu."

Tangu hapo sisalimii mtu kabla ya kusalimia dirisha. Vyuma ni tisa. Kuna asubuhi naogopa kuvitazama.

Alhamisi iliyopita cheche ikapita, jicho la kulia. Nikatulia. Ikapita tena. Mke wa mwanangu alikuwa ameenda kazini, na kiongozi wa maombi ndiyo kwanza anaingia mlangoni.

"Shosho, unaenda wapi na leo ni zamu yako kuomba?"

"Ombeni nyinyi. Mimi naenda kuangaliwa."

Daktari alimulika jicho la kulia kwa muda mrefu.

"Halijachanika," akasema mwishowe. "Kesho uangalie tena."