Mwanamume Aliyelala Mkokotenini

Kila asubuhi, kabla ya kukamua ng'ombe, Halvard Tveit alikata ncha ya mkate wa jana, akaenda nayo ghalani na kulikunjua turubai lake la michoro hadi kwenye picha ya nne. Akaipangusa vumbi kwa ule mkate, polepole, akianzia usoni mwa mwanamke aliyechorwa pale. Mkate ulipokuwa mweusi aliwarushia kuku. Binti yake Gudrun alimtazama kutoka mlangoni. Yule mwanamke alikuwa Maren, mama yake, waliyemzika majira ya baridi yaliyopita, na katika kijiji chote cha Betabara, huko Utah, hapakuwa na picha yake nyingine.

Halvard alijifunza uchoraji kwao Norwei, mjini Bergen, kwa fundi wa kuchora malaika makanisani. Wamormoni, wahubiri wa dini mpya kutoka Amerika, walipomfikia alibatizwa baharini, barafu ikielea, na kwa kuwa alikuwa na maneno mengi wakamtuma akahubiri. Alihubiri kwa miguu, akafungwa kwa kuhubiri, akatoka jela akiwa amemchora mkuu wa gereza akapendeza kuliko alivyostahili. Ikafuata meli, yeye na mkewe Maren, ikafuata treni, kisha mbuga za Amerika, ambazo maskini walizivuka kwa kuvuta mikokoteni kwa mikono. Alipofika Sayuni, kama Wamormoni walivyoiita Utah yao, Sayuni ikagundua kwamba ina shida kubwa ya mtu wa kupaka rangi milango na majeneza. Naye alipoanza kuizoea milango, jina lake likasomwa mimbarini bila yeye kuulizwa: arudi Norwei akahubiri tena. Akaenda. Maren akabaki na jembe, ng'ombe na Gudrun mchanga. Matunda ya safari hiyo yalikuwa mjane mmoja, ambaye baadaye alirudi kwa Walutheri.

Turubai alilichora baada ya hapo: picha za safari ya mikokoteni, zimeshonwa pamoja na kuviringishwa kwenye nguzo mbili. Gudrun alizungusha mpini, baba akasimulia, na watu wa vijijini wakaleta mayai na mishumaa. Kila walikolala, mwenyeji alishangaa kujikosa kwenye picha, na kufikia kifungua kinywa alikuwa ameshaingizwa. Halvard hakujua kukataa. Kwa hiyo kundi lililovuka mbuga liliongezeka kila alipolishwa mchoraji.

Wiki moja kabla ya sikukuu ya waanzilishi, ya kuwakumbuka waliovuka mbuga, Askofu Pell alikuja ghalani kulikagua turubai.

"Ndugu Tveit, hii ya nne itatuletea maneno."

"Ina nini, Ndugu Askofu?"

"Mwanamke anavuta, mwanamume kalala mkokotenini, kajifunika blanketi gubigubi. Ndiyo nini sasa? Watoto watauliza huyo bwana ni nani."

"Alikuwa mgonjwa."

"Wagonjwa tulikuwa wengi," alisema Askofu, kisha akakohoa. "Walikuwa wengi. Mtoe mama, weka mwanamume mwenye mabega. La sivyo halipandi jukwaani."

"Sawa, Ndugu Askofu," alisema Halvard, kama alivyowajibu wote.

Gudrun, aliyekuwa mlangoni akiwalisha kuku, aliyasikia yote. Siku zilizofuata ghala lilifungwa kwa ndani, likanuka rangi. Mkate wa jana ukabaki mezani, haukukatwa. Hilo ndilo lililomliza Gudrun.

Siku ya sikukuu madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi, taa zikawashwa. Bibi Keziah, mjane asiyemwogopa mtu, alikaa mbele kabisa.

"Ndugu Askofu, leo ndiyo tutaona ulivyovuta?"

"Tulia, Dada Keziah."

"Mbona nimetulia! Nakumbuka tu ule mkokoteni wa wagonjwa ulivyokuwa ukilia kwa uzito."

Watu wakacheka. Picha ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mikono ya Gudrun ikagoma kwenye mpini.

"Zungusha, mwanangu," baba alinong'ona.

Akazungusha. Mama yake alikuwepo. Kifua kwenye mti wa mkokoteni, matope hadi magotini, uso uleule. Kilichobadilika ni blanketi tu: lilikuwa limeshushwa hadi kidevuni, na aliyelala chini yake alikuwa na ndevu nyekundu za Halvard Tveit.

Wazee waliokuwa wameinama mbele kwa wasiwasi wakaegemea viti vyao kwa pamoja. Askofu alikuwa wa kwanza kupiga makofi. "Huo ndio unyenyekevu!" aliwaambia majirani zake kwa sauti. "Mtu ajishushe!" Kuhusu mwanamume mwenye mabega hakukumbusha tena.

"Loo, Halvard!" alisema Bibi Keziah. "Kumbe homa inanenepesha mashavu!"

Watu walipotoka, Gudrun alibaki na baba yake wakiviringisha turubai. Alijua baba huwa anasimulia kwamba aliivuka mbuga akivuta mkokoteni kwa mkono mmoja na kuchora kwa mwingine. Leo hakuisema sehemu hiyo. Gudrun aliushika mpini, akakusanya ujasiri wake wote.

"Baba, yule wa mkokotenini alikuwa nani hasa?"

Halvard alimalizia kufunga kamba.

"Tulikuwa tunapokezana kulala," alisema. "Mimi, Askofu, marehemu mume wa Keziah. Kuvuta, hakuna aliyempokea mama yako."