Shilingi ya Simba Iliyotobolewa

Mama yangu alipigwa mpini wa jembe kichwani, ndani ya jiko lake mwenyewe, na mimi nilijua ni nani tangu siku ya kwanza. Kujua si shida. Shida ni kuonyesha. Yeye mwenyewe, uso umefura hadi jicho moja halionekani, alishikilia kwamba aliteleza kwenye zizi la ng'ombe. Ati zizi! Zizi gani hilo linaloiba shilingi iliyofungwa kwenye pindo la leso?

Shilingi hiyo baba alimwachia alipokufa. Ilikuwa ya mkoloni, ile ya simba mbele ya milima. Kila jioni mama aliipapasa kwa ukucha wa kidole gumba, mahali pamoja tu, juu ya mkia wa simba, palipokuwa na mstari mwembamba. Watu walidhani ni mkwaruzo. Mimi wakati huo, miaka ya sabini, nilikuwa nikiuza vikapu vya kiondo Nyeri mjini na kununua sarafu kuukuu za kuuzia watalii, kwa hivyo nilijua tofauti. Mkwaruzo huingia ndani. Lakini muhuri wa kugongea sarafu kiwandani ukipasuka, ule ufa huacha mstari uliotokeza juu ya sarafu, na huwezi kuuiga kwa kisu. Tena ukingoni palikuwa na alama ya tupa. Baba ndiye aliyeikwangua, aone kama ni fedha ya kweli.

Nilimsihi mama ahame, aje kwangu mjini. Akakataa kuacha boma la baba, na kwenye boma hilo alikuwa akiishi na kaka yangu. Chifu naye alitaka ushahidi. Niliogopa, nasema wazi, kwamba kipigo cha pili kingemuua.

Kabla jeraha la mama halijafunga, kaka akaingia dukani kwangu akinuka pombe. Akabwaga shilingi mezani.

"Nunua hii. Nimeitoa Kagio, kwa mzee fulani."

Ilikuwa na shimo katikati. Shimo la kiwandani huwa laini, jeusi kwa uzee. Hili lilikwaruza kidole na ndani lilimeta. Msumari ulikuwa umepita hapo juzi tu, tumboni mwa simba. Lakini mkia ulikuwa mzima. Nikapapasa, mstari ukanijibu. Nikageuza ukingo, tupa ya baba hiyo hapo. Alama moja ningeweza kuishuku, si mbili.

"Mbona umeitoboa?" nikauliza polepole.

"Si wewe hununua za shimo? Hizo zingine hutaki."

Ngai! Alikuwa ameniona nikinunua ndururu za akina mama wa Karatina, zile senti tano za zamani zenye tundu, nikizitunga kwa waya. Mjinga huyo alidhani wazungu hulipia shimo.

"Kumbe Kagio hukufika," nikamwambia. "Umempiga mama kwa sababu ya hii."

Ngumi yake ilinipata mdomoni, jino likaruka. Nikashika kufuli la duka, kubwa kama ngumi yangu, nikamtwanga nalo sikioni hadi akapiga magoti. Ningemtwanga tena. Majirani walinikamata mikono, mimi nikiwa nimeikanyaga shilingi isipotee.

Kwa chifu, mama aliletwa kichwa kimefungwa kitambaa. Nilieleza kila kitu. Wazee wakapokezana ile shilingi, wakapapasa mkia, wakaangalia ukingo, wakatikisa vichwa kukubali. Kaka alikuwa ameketi chini, sikio limevimba, akilia kwa sauti bila aibu.

"Mama, hii ni yako?" chifu akauliza.

Mama akaweka ukucha juu ya mkia wa simba. Akaupitisha, akaurudisha, akaupitisha tena.

"Yangu haikuwa na shimo," akasema.

"Mami!" nikapiga kelele. "Sema ukweli! Huyu atakuua!"

Hakuniangalia. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Siku hiyo niliichukia methali hiyo, na mama pia nikamchukia. Alimtilia kaka shilingi kwenye kiganja, akamfumba vidole, akainuka kwa kumwegemea bega. Wakaenda nyumbani pamoja.